Dau la boti: kutoka mnada wa Japani mpaka maji ya Dar

Kwetu neno dau lina maana mbili, na mnadani zinakutana: dau unaloweka mezani, na dau unaloingia nalo majini. Anayelikimbilia la kwanza kabla hajalifikiria la pili huishia na boti ya fiba iliyopandishwa juu ya matairi uani, nyasi zinaota chini yake na kuku wanataga ndani. Haya yafuatayo ni kwa anayetaka boti ya futi 18 hadi 25, ya kuvulia, ya wageni au ya kuvukia kati ya visiwa, na ambaye ameshaona kwenye simu boti za Japani kwa bei inayomkosesha usingizi.

Bei zile ni za kweli. Japani mwenye boti analipia maegesho mwaka mzima hata asipoitumia. Chombo kinapita ukaguzi mkubwa kila miaka 6 na ukaguzi wa kati katikati yake, na bodi ya fiba hata kuitupa ni gharama. Ukaguzi ukikaribia, mzee mwenye boti anapiga hesabu, anaona bora iende mnadani. Nafuu inatoka hapo. Na hapo hapo ndipo unapotakiwa kuuliza: boti hii imekaa nchi kavu muda gani bila kuwashwa?

Anza ufukweni, rudi nyuma

Wengi huanza na bei ya nyundo, yaani bei boti iliyouzwa mnadani, kisha wanajumlisha kwenda mbele, na kila tozo inawatokea kama mgeni asiyealikwa. Fanya kinyume. Tuseme una dola 25,000 na unataka boti iwe majini Dar, imesajiliwa, inafanya kazi.

Toa kwanza asilimia 15 za matengenezo, yaani 3,750. Utazitumia, usijidanganye. Toa 1,500 za gharama za bandarini, kreni, lori la kwenda ufukweni, ukaguzi na usajili. Zimebaki 19,750. Sasa kodi. Ushuru wa forodha unatozwa juu ya CIF, yaani bei ya boti pamoja na nauli na bima, halafu VAT inatozwa juu ya CIF ikiwa imeshaongezwa huo ushuru. Tukichukua kwa mfano ushuru wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18 ya Tanzania Bara, kila dola 1 ya CIF inageuka dola 1.475. Gawanya 19,750 kwa 1.475, unapata kama 13,390. Hicho ndicho kikomo chako cha CIF.

Boti yenye urefu wa mita 7.0, upana 2.4 na kimo 2.9 ni mita za ujazo 48.72. Kwa nauli ya mfano ya dola 90 kwa kila mita ya ujazo, hiyo ni 4,385. Bima weka 200. Imebaki 8,805. Toa kamisheni ya wakala, ada ya mnada, kreni ya kunyanyulia, lori la kwenda bandarini, kitanda cha mbao cha kuikalishia boti na kufuta usajili, tuseme 2,300 kwa jumla. Dau lako la juu kabisa ni kama dola 6,500. Kati ya 25,000!

Viwango vya kwako vitatofautiana na hivi. Zanzibar ina VAT yake, Kenya ni asilimia 16, na kuna tozo ndogo ndogo zinazobadilika kila bajeti. Kuna pia suala la kundi la forodha: boti za starehe na michezo ziko kichwa namba 8903, vyombo vya uvuvi viko 8902, na kodi zake si sawa. Kama kundi lako linabeba ushuru wa bidhaa pia, ile 1.475 inapanda. Mpe wakala wa forodha picha na vipimo kabla ya mnada, akuandikie kundi na viwango. Jibu la mdomo halitoshi, kwa sababu ukifika bandarini atakayekadiria ni ofisa mwenye boti mbele ya macho yake, na boti yenye makochi meupe na ngazi ya kuogelea ni vigumu kuiita ya uvuvi.

Halafu usitegemee kwamba bei ya nyundo itapokelewa kama ilivyo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inaruhusu forodha kuikataa thamani ya ankara na kutumia njia nyingine ya kukadiria. Boti iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa ndiyo inayoulizwa maswali. Hifadhi karatasi ya mnada na risiti ya benki, ndivyo vitakavyokutetea.

Kuisoma karatasi ya mnada

Karatasi huja kwa Kijapani, na tafsiri ya programu ya simu inakosea hasa pale panapouma. Mambo machache ya kuyajua mwenyewe.

Mwaka mara nyingi umeandikwa kwa zama za wafalme wao. Showa ni herufi S: ongeza 1925. Heisei ni H: ongeza 1988. Reiwa ni R: ongeza 2018. Kwa hiyo S63 ni 1988, H10 ni 1998, R3 ni 2021. Mnunuzi akiona "10" akadhani ni 2010, amenunua boti yenye umri wa ziada wa miaka 12. Tena mwaka wa bodi na mwaka wa mashine ni vitu viwili. Bodi ya 1995 yenye mashine ya 2015 ni ununuzi wa maana kuliko bodi ya 2005 yenye mashine ya 2005.

Neno *genjo* maana yake unachukua kama ilivyo, hakuna kurudi kulalamika. Boti karibu zote za mnadani ziko hivyo. *Fudo* ni mashine haiwaki. *Suibotsu* ni ilizama au iliingia maji, na hapo funga ukurasa hata kama bei ni sahani ya wali: nyaya, moduli ya mashine na povu lililojazwa chini ya sakafu haviponi. Aina ya mashine nayo imeandikwa: *sengaiki* ni mashine ya kupachika nyuma, *sennaigaiki* ni injini ya ndani yenye mguu wa nje, *sennaiki* ni injini ya ndani yenye shafti.

Mtego mkubwa uko kwenye urefu. Urefu wa usajili, *tourokucho*, ni mfupi kuliko urefu kamili, *zencho*, kwa sababu haupimwi kutoka ncha hadi ncha. Boti iliyoandikwa mita 6 na kidogo inaweza kuwa mita 7 na zaidi kuanzia pua ya omo mpaka mwisho wa mashine. Kampuni ya meli inatoza kwa ncha hadi ncha. Omba *zencho* na mashine ikiwa imepachikwa.

Mashine ndiyo boti

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pengine popote. Bodi ya fiba fundi wa Mbweni, Mtoni au Mwanza ataishona. Mashine isiyo na spea Afrika Mashariki haishonwi.

Sheria rahisi: kama huwezi kuingia duka la spea mjini kwako ukatoka na impela (kipangaboi cha mpira kinachosukuma maji ya kupoza), filta, plagi na sili za mguu wa mashine ile, usiinunue. Mashine za Yamaha za kupachika zina spea na mafundi karibu kila mwalo wa pwani na wa Ziwa Victoria, hasa zile Enduro za tustroku za nguvu farasi 15 na 40. Za fostroku kubwa, F115 kwa mfano, zinatumia petroli kidogo zaidi na hazipigi moshi, lakini zinataka petroli safi na fundi mwenye kompyuta ya kuzisoma. Petroli ya kwenye madumu yenye maji ndani yake inaziua kupitia kitanki kidogo cha mafuta kilicho kando ya injini, kabla ya sindano. Ukichukua fostroku, jitayarishe kufunga filta ya kutenganisha maji ya maikroni 10 kati ya tanki na mashine siku ya kwanza.

Injini za ndani zenye mguu wa nje ndizo rahisi zaidi mnadani, na zina sababu. Mguu unapita kwenye tundu la ukuta wa tezi, na kinachozuia bahari isiingie ni mipira yenye mikunjo kama ya akodioni. Mpira ule ukipasuka, boti inajaa maji ikiwa imefungwa gatini usiku. Injini za petroli za aina hii zinazopozwa kwa maji ya bahari moja kwa moja zina manifodi na viwiko vya chuma cha kusubu ambavyo chumvi huvila kwa ndani. Kikitoboka, maji yanarudi kwenye silinda, na siku unapiga stata pistoni inakutana na maji yasiyobonyezeka, konrodi inapinda. Nje kinaonekana kimepakwa rangi vizuri kabisa. Kuna dizeli za Yamaha za familia ya ME, kama ME370 na ME420, ni injini nzuri, lakini ukianza kutafuta spea za mguu wake Dar utachoka. Kwa bajeti ndogo, mashine ya kupachika. Ikiharibika unaitoa kwa boliti 4, unafunga nyingine, bodi inaendelea na kazi.

Kwa kuwa hupo pale, nunua macho ya mtu. Ada ya mkaguzi ni ndogo kuliko gharama ya kosa moja. Usimwambie "kagua hali ya mashine", atakujibu "nzuri". Mpe orodha:

- Kompresheni ya kila silinda, plagi zote zikiwa zimetolewa, mashine ikiwa imepata moto, apige picha ya geji kila mara. Namba yenyewe inategemea modeli, unachotafuta ni tofauti kati ya silinda. Ikizidi asilimia 10 hadi 15 kati ya kubwa na ndogo, shusha dau au acha.
- Afungue skrubu ya chini ya gia, atoe matone machache ya oili kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yanaingia kupitia sili. Chembe zinazong'aa ni gia inajila.
- Video ya kuwasha ikiwa baridi, yaani mkono uguse kwanza kichwa cha injini kuonyesha hakijawashwa asubuhi ile. Kisha ule mchirizi wa maji ya kupoza unaotoka nyuma uonekane kwa dakika 5 mfululizo.
- Boliti za kichwa na za kifuniko cha ekzosi kwa karibu. Rangi ya kiwandani iliyokatika kwenye pembe za boliti maana yake imeshafunguliwa.
- Namba ya mashine kwenye kibati cha kwenye mabano, isomeke.

Saa za mashine zichukulie kama kilomita za gari, zinasaidia zikilingana na mengine. Saa 300 huku kiti kimechanika, gia ya mkono inacheza na pezi la chini ya mguu limeliwa na mchanga, hapo saa ndiyo inayosema uongo. Kwa F115, kumbuka mkanda wa taiming: hubadilishwa kila saa 1,000 au miaka 5, kile kitakachotangulia. Boti ya miaka 12 yenye saa 250 bado inadaiwa mkanda.

Bodi

Fiba haiozi, ila kilichofunikwa ndani yake kinaoza. Boti nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zina mbao ndani ya ukuta wa tezi na ndani ya mataruma ya chini ya sakafu. Maji yanaingia kwa tundu la skrubu moja iliyofungwa bila silikoni, halafu yanakaa miaka. Mkaguzi agonge ukuta wa tezi kwa nyundo ya plastiki, video iwe na sauti: mlio mkavu wa "ko ko" ni mzima, mlio mzito kama wa kugonga unga uliolowa ni mbovu. Kisha asimame kwenye mguu wa mashine iliyoinuliwa, aichezeshe kwa uzito wake, kamera ikiwa imeelekezwa pale mabano yanapokutana na fiba. Pakifunguka hata milimita chache, au maji ya kahawia yakichuruzika kwenye boliti, ukuta umekwisha. Kuujenga upya ni kuukata wote kwa ndani, kuweka plaiwudi mpya za baharini tabaka mbili au tatu na kuzifunika kwa fiba. Kazi ya fundi mzuri kwa siku kadhaa, na mashine lazima ishuke.

Nyufa nyembamba za jelkoti, lile tabaka gumu la nje la fiba, kama utando wa buibui kwenye sakafu si kitu. Nyufa zinazofuata mstari, hasa pembeni mwa mkuku au pale ubavu unapopinda, zinaonyesha bodi imebamizwa. Malengelenge madogo chini ya maji yanatibika, ila yanakula muda wa kukausha.

Hapa niseme jambo ambalo wanunuzi wa picha nzuri hawalipendi. Kwa kazi zetu, aina moja inayodharauliwa mnadani ndiyo inayofaa kuliko nyingi: boti wazi ya kazi ambayo Wajapani wanaiita *wasen*. Haina kabini, ni nyembamba na ndefu, inasukumwa na mashine ndogo. Ndani hakuna cha kuoza sana, unaiosha kwa ndoo. Na kwa sababu ni nyembamba, inaingia kwenye kontena. Kwa mkondo wa Pemba siku ya kusi ni fupi mno ubavuni, hilo likubali. Kwa kuvua karibu, kupeleka wazamiaji mwambani au kuvusha watu ziwani kukiwa shwari, ipewe nafasi.

Mita za ujazo

Kontena la futi 40 la kimo kirefu lina mlango wa upana wa kama mita 2.34, na kimo cha mlango kama mita 2.58. Boti nyingi za futi 23 zina upana wa mita 2.3 hadi 2.5, kwa hiyo haziingii zikiwa zimekaa sawa. Huwekwa kwenye fremu ya mshazari, upande mmoja umeinuliwa, lakini hiyo ni kazi ya wapakiaji wanaoijua. Asiyeijua ataibana kwenye nguzo ya mlango na kuchubua ubavu wote. Boti ya upana chini ya mita 2.2 inaingia kwa raha, na pembeni unaweza kujaza mashine nyingine, matrela, hata spea, ukagawana nauli na mwenzako.

Njia ya pili ni meli ya RoRo, zile za magari, boti ikiwa juu ya trela au kitanda chenye magurudumu. Boti nyingi za Japani huuzwa bila trela, zimekaa juu ya stendi tu, kwa hiyo uliza mapema. Njia ya tatu ni kontena lisilo na kuta, kwa boti pana. Nauli yake inapanda kwa sababu mzigo unaotokeza pembeni unakula nafasi za jirani.

Kwa RoRo, kimo ndicho cha kukipigania. Rudi kwenye boti yetu ya mita 2.9. Kinachofanya kimo kile ni paa la kivuli, reli za juu, nguzo ya taa na vishikio vya mishipi. Vikifunguliwa na kulazwa ndani, kimo kinashuka hadi 2.3, ujazo unakuwa 38.64, umepunguza zaidi ya mita 10 za ujazo. Kwa dola 90 ni kama 907. Na kwa kuwa nauli nayo inatozwa ushuru na VAT, zile 907 mfukoni mwako ni kama 1,338. Kwa kazi ya spana ya saa mbili! Boliti zake zitiwe kwenye mfuko na kufungwa kwa waya kwenye usukani, zisipokelewe Dar kwa maneno.

Kitanda cha mbao lazima kiwe na muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungia mizigo, wenye herufi HT, yaani mbao zimepashwa joto mpaka katikati kwa nyuzi 56 kwa dakika 30 ili kuua wadudu. Mbao zisizo na muhuri zinaweza kuuzuia mzigo wote bandarini kwa ajili ya vipande vinne vya msonobari. Petroli itolewe ibaki kidogo sana, waya za betri zifunguliwe, na fataki za ishara, mitungi ya gesi na makopo ya rangi yatoke yote. Fataki ni milipuko kisheria, hata kama muda wake umekwisha.

Pesa na karatasi

Wakala wa mnada atataka amana kabla ya kukuruhusu kutaja dau. Mkubaliane kwa maandishi dau lako la juu kwa yeni, kamisheni yake kamili, na nani analipa boti ikikaa yadi kusubiri meli. Ukishinda, siku za kulipa ni chache.

Wizi wa siku hizi hauji na sura ya wizi. Unaletewa barua pepe, jina lile lile, nembo ile ile, inasema akaunti ya kampuni imebadilika kwa sababu ya ukaguzi wa hesabu, tuma kwenye hii mpya. Akaunti ikibadilika, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyo kwenye barua hiyo. Akaunti yenye jina la mtu binafsi, au iliyo nchi nyingine wakati kampuni iko Japani, usiitumie kabisa.

Karatasi unazozihitaji: ankara, orodha ya mzigo, hati ya shehena yenye jina lako na namba ya mlipakodi sahihi, na uthibitisho kwamba usajili wa Japani umefutwa. Boti ndogo za chini ya tani 20 husajiliwa na shirika la ukaguzi la JCI. Ila ukiona kwenye ubavu herufi kama NS au HK na namba, hiyo ilikuwa boti ya uvuvi, NS ni Nagasaki na HK ni Hokkaido, na usajili wake wa uvuvi uko kwa serikali ya mkoa. Karatasi ya kufuta inatoka huko. Bila karatasi hiyo usajili wa kwetu utasuasua. Namba ya bodi iliyoko juu upande wa kulia wa tezi, namba ya mashine, na zilizoandikwa kwenye hati zote zilingane herufi kwa herufi. O na sifuri zimeshawaliza wengi.

Bima chukua thamani ya CIF ukiongeza asilimia 10. Soma kama ni ya hatari zote au ya meli kuzama tu. Kwa mzigo uliotumika makampuni mengi hayalipi mikwaruzo. Uliza wakala wako kama bima lazima inunuliwe kwenye kampuni ya nchini mwako.

Wanaotazama minada ya Marekani, kama ile ya Copart ya mali za bima, wajue huko boti huja na trela mara nyingi, na namba ya bodi yenye herufi na tarakimu 12 kwa jumla inasoma vizuri: tarakimu 2 za mwisho ni mwaka wa modeli, kwa boti za kuanzia Agosti 1984. Tatizo lao ni mbili: za Florida nyingi zimepigwa na vimbunga, na za kaskazini zina bloku zilizopasuka kwa barafu, maji yaliyobaki ndani yakiganda msimu wa baridi. Ufa ule huuoni mpaka uiwashe.

Ikifika

Bandarini mpe wakala karatasi kabla meli haijafika, kwa sababu siku za bure za kuhifadhi zinakwisha haraka kuliko foleni ya kugomboa. Boti inyanyuliwe kwa mikanda mipana miwili, mmoja karibu na tezi, mwingine mbele ya katikati, pamoja na ubao wa kutenganisha juu ili mikanda isiubane ubavu. Folklifti yenye uma mfupi huingia chini na kuupasua mkuku. Piga picha pande zote kabla hujasaini popote.

Usiishushe majini siku hiyo. Badilisha impela hata kama inaonekana mpya, mapezi ya mpira yakikaa makavu miezi kadhaa hupinda na kupasuka yakizunguka. Badilisha oili ya injini na ya gia, filta zote, zinki zote (vipande vinavyoliwa na chumvi badala ya mashine), na mipira ya petroli iliyokauka. Tanki litolewe, lioshwe. Fungua kila bomba linalopita kwenye bodi, uzungushe valvu zake. Isiyozunguka kwa mkono itolewe. GPS itakuwa na menyu ya Kijapani na chati za Japani, ambako maboya mekundu hukaa kulia ukiingia bandarini, kinyume na kwetu. Iuze, nunua nyingine.

Majaketi ya kuokolea yenye alama ya ua la sakura yamepitishwa na Japani. Kabla hujayahesabu kuwa vifaa vyako vya usalama, muulize mkaguzi wa mamlaka ya vyombo vya majini: TASAC kwa Bara, mamlaka ya bahari ya Zanzibar kwa visiwani, KMA kwa Kenya. Ukaguzi huangalia pia vizima moto, pampu ya ngama, taa, redio na idadi ya watu boti inayoruhusiwa kubeba, kwa hiyo usiweke viti kabla hujapewa idadi hiyo.

Siku ya kushusha, plagi ya kutolea maji iwe imefungwa na mtu mmoja mwenye kazi hiyo tu. Acha boti ielee dakika 30 ikiwa bado kwenye mikanda, uinue sakafu uone ngama. Kavu? Washa, uende polepole saa ya kwanza, mchirizi wa maji ya kupoza usiuache macho. Baada ya saa 10 za kazi fungua tena skrubu ya gia utoe matone kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa bado na rangi ya oili, jaza mafuta uende kisiwani Mbudya.